Mwaka Unaoanza Machi: Shajara ya Mradi, Kisumu na Bunyore

Desemba, kabla ya kuanza

Ushonaji una majira yake, na Desemba ndiyo masika ya fundi hapa Kisumu, kando ya Ziwa Victoria. Magauni ya wasimamizi wa harusi, vitenge vya familia nzima inayokwenda mashambani kwa Krismasi, na chini ya meza rundo la sare za shule ambazo wazazi watazikumbuka siku za mwisho. Katikati ya zogo hilo mteja mmoja ameniazima kitabu cha kuishi kwa kufuata majira. Kinasema Desemba ni mwezi wa kupumzika: jifunike blanketi, washa mshumaa, utazame moyo wako. Nimekisoma usiku huku napiga pasi na feni inavuma. Kimeandikwa kwa upendo, sina ubishi. Ila kimeandikiwa watu ambao Desemba jua lao linatua kabla ya saa 10 jioni.

Wazo lenyewe, hata hivyo, limeniganda. Kwa hiyo mradi ni huu: mwaka mmoja, kuanzia kiangazi hiki, nitafuata majira ya hapa nilipo na kuandika ninachokiona. Nitaangalia mahali patatu: daftari la duka, shamba la mama kule Bunyore, magharibi mwa Kenya, na mwili wangu. Nina lengo moja la kazi, kujifunza kukata koti. Nashona magauni na sare vizuri, lakini mteja wa koti namwelekeza kwa fundi mwingine kila mara, na pesa yake inamfuata huko. Lengo la pili ni la tabia. Kuna miezi ambayo mimi ni mtu mgumu kuishi naye, na ningependa kujua ni ipi.

Kwanza nimelazimika kufuta mengi ya kitabuni. Kisumu iko kusini kidogo tu mwa ikweta, na nikienda nyumbani napita Maseno, ambapo kuna alama ya ikweta kando ya barabara. Urefu wa mchana huku ni kama saa 12 na dakika 7 mwaka mzima. Hakuna usiku mrefu wa kujifungia ndani wala jioni ndefu ya kiangazi cha Ulaya. Kinachobadilika kidogo ni saa ya jua kuchomoza, kwa sababu mwendo wa dunia kulizunguka jua haulingani sawasawa na mwendo wa saa zetu za ukutani. Katikati ya Februari jua linachomoza Kisumu karibu saa 12 na dakika 50 asubuhi. Mwanzoni mwa Novemba ni karibu saa 12 na dakika 20. Nusu saa nzima, nami siku zote nilidhani ni uvivu wa Februari.

Huku kwetu mvua ndiyo inayougawa mwaka: masika ya Machi hadi Mei, vuli ya kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba, na katikati yake vipindi vikavu ambavyo, kwa sababu ya ziwa, havikauki kabisa.

Januari

Sare zimeuzwa. Wiki mbili za mwanzo duka lilikuwa soko, kisha kimya. Watu wamelipa karo, wamerudi mjini na mifuko mitupu, na hakuna anayetaka gauni.

Jua ni kali. Asubuhi ziwa limetulia, ila mchana upepo unageuka na kuvuma kutoka majini kuelekea nchi kavu, ukisukuma gugumaji hadi kwenye ufuo. Jirani zangu wa jengoni wameanza mwaka kwa nguvu: mmoja anakimbia alfajiri, mwingine ameacha sukari, wa tatu amejiunga na masomo ya jioni. Nawatakia heri. Kanuni yangu ya Januari ni kwamba sianzi kitu chochote. Natayarisha tu.

Nimekwenda Bunyore nikamkuta mama na kijana wa kumsaidia wanalima. Udongo ni mkavu, jembe linagonga. Nikamuuliza kwa nini asisubiri mvua ilainishe. Akanionyesha mizizi ya sangari iliyopinduliwa juu: jua la Januari na Februari linaikausha ikafa, ukilima mvua imeshaingia, unaipanda upya. Samadi ameirundika pembeni. Maharagwe ya mbegu yako kwenye chungu, yamechanganywa na majivu yasipate wadudu. Mahindi ya mbegu yalikuwa bado, akanituma dukani Luanda, mji wa karibu, nimnunulie.

Nikamwambia si mapema, Machi bado iko mbali?

"Mwanangu," akasema, "mbegu hainunuliwi kwa pesa ya Machi. Machi nani ana pesa?"

Alisema bila hata kuinua kichwa, lakini njia nzima ya kurudi Kisumu nilikuwa na sentensi hiyo. Nimefungua madaftari ya duka ya miaka iliyopita. Pesa yangu inakuja Desemba na Januari, na kidogo Agosti. Nafasi yangu, yaani siku ambazo nakaa dukani natazama barabara, ni Februari, Machi na Aprili. Nguvu zangu za mwili hazimo katika orodha yoyote kati ya hizo mbili: Desemba nimechoka, Februari joto linanimaliza. Vitu hivi vitatu havikutani. Na kila nilipotaka kujifunza koti nilikuwa nasubiri vikutane.

Uamuzi wa mwezi: ada ya mafunzo ya koti nimeitoa kwenye pesa ya sare sasa hivi na kumpelekea fundi mzee atakayenifundisha. Akashangaa kwamba nalipa leo masomo ya Machi. Nikamwambia chukua tu, ikikaa kwangu itakuwa unga.

Februari

Mboga ni ghali. Mafungu ya managu yamekuwa madogo hadi mama mboga mwenyewe anaona haya kuyapanga. Tunakula kunde kavu ambazo mama alizianika mwaka jana. Unazichemsha na munyu wa kienyeji, ule unaochujwa kutoka majivu ya maganda ya maharagwe, kisha unatia karanga iliyosagwa. Sijui kwa nini vitabu vya afya vinasema kula vya msimu na kusahau kwamba kuna msimu ambao chakula chake ni kile ulichokausha.

Jua linatua karibu saa 1 usiku na mabati yanahifadhi joto hadi usiku wa manane. Nimeacha kushindana nalo. Nakata kitambaa alfajiri, mkono ukiwa mkavu na chaki haipotei kwa jasho, nalala baada ya chakula cha mchana, nafungua tena saa 10. Hakuna mteja aliyelalamika, labda kwa kuwa hakuna mteja.

Kwenye njia ya kwenda kwa mama, mti tunaouita omurembe umetoa maua mekundu ukiwa hauna jani hata moja.

Machi

Mwezi wa kungoja, na kungoja ni kazi.

Karibu tarehe 20 au 21 Machi jua linapita juu ya ikweta, yaani saa ya adhuhuri kivuli chako Maseno kinakuwa chini ya miguu yako. Ukanda wa mvua unaozunguka dunia katika nchi za joto unalifuata jua kaskazini na kusini, ila kwa kuchelewa wiki kadhaa, ndiyo maana masika yetu yanafika kilele Aprili badala ya Machi. Pia tunayo ya kwetu: hewa yenye unyevu kutoka ziwani inapanda mchana na kukutana na pepo za mashariki zinazovuka milima ya Nandi na Kericho, na hapo ndipo ngurumo za alasiri zinapozaliwa. Mtu aliyekulia Kisumu hafui blanketi saa 9 mchana.

Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika kabla hayajaanza. Kwetu Bunyore kuna pia ukoo wa Nganyi, watabiri wa mvua kwa vizazi vingi, wanaosoma miti inapochipua, mienendo ya wadudu na ndege, na upepo. Zamani serikali ya kikoloni iliwatazama kwa jicho baya. Siku hizi wataalamu wa hali ya hewa hukaa nao, wakalinganisha dalili na mitambo, na kutoa neno moja kwa wakulima. Mama husikiliza wote wawili. Kisha anachukua jembe.

Mvua ya kwanza ilipiga kwa nguvu, na jioni yake kumbikumbi wakatoka. Watoto wakajaza sufuria, taa za barabarani zikazungukwa, na asubuhi mbawa zilikuwa zimetapakaa mlangoni kwangu. Kijiji kizima kikasema masika yameingia. Jirani wa mama akapanda siku iliyofuata. Mama hakupanda. Alichimba kwa jembe pale palipokuwa panaonekana tope, akatoa bonge, akalivunja: juu giza la unyevu, chini vumbi. "Imelowesha shati, haijalowesha mwili," akasema, akalirudisha jembe ukutani.

Jua likarudi kwa siku nyingi. Maharagwe ya jirani yaliota yakasinyaa. Sisemi hili kumcheka. Miaka mingine mvua ile ile ya kwanza inaendelea moja kwa moja, na aliyewahi ndiye anayevuna kabla ya wote. Mtabiri wa ukweli ni lile bonge la udongo tu. Mama alipopanda, karibu na mwisho wa mwezi, unyevu ulikuwa umeshuka hadi mpini ulipoingia. Mahindi mistari, maharagwe katikati, mbolea ya kupandia shimoni, na nyuma ya jiko mboga za saga, mrenda na kunde kwa kurusha tu.

Mimi nami nimeanza kwa fundi mzee. Koti ni mnyama mwingine kabisa. Gauni linakusamehe, koti linakumbuka kila kitu. Siku za mwanzo sikugusa cherehani. Nilifumua koti la mtumba kutoka soko la Gikomba, Nairobi, lililoletwa soko letu la Kibuye, kipande kwa kipande: bitana, kanvasi ya kifuani iliyoshikizwa kwa mkono, utepe wa pembe za kola, pedi za mabega. Kila kipande nikakichora kwenye karatasi ya kaki. Fundi mzee haongei sana. Nilimuuliza kwa nini hakunisisitiza nianze Januari kama wanafunzi wengine wanavyopenda. Akacheka. "Koti hufundishwa Machi, liuzwe Julai. Nani atanunua koti Januari, mama?"

Aprili

Masika kamili. Upande wa uwanda wa Kano mito imejaa. Udongo wake mweusi unashika maji siku nyingi, na watu wa karibu na mto Nyando wamehamisha vitanda na mifugo kama wafanyavyo kila masika mabaya. Bado tunakumbuka 2024, jinsi Aprili na Mei zilivyozamisha mashamba na nyumba kuanzia Kano hadi Budalangi. Mwenye nyumba yake mlimani anaweza kuandika kwa raha kuhusu kupatana na mvua. Mteja wangu mmoja wa Ahero alikuja na sare za watoto zilizokuwa zimelala majini, akaomba nizinyooshe kabla ya muhula wa pili. Nilizifua upya, nikabadilisha pindo zilizooza, na hatukuongea habari za bei.

Dukani unyevu unaharibu mengi: chaki inalowa, sindano zinashika kutu, kanvasi inajikunja. Nimetundika vitambaa mbali na ukuta na kuweka mkaa kwenye kikapu chini ya rafu. Umeme ukipotea narudi kwenye cherehani ya miguu.

Tarehe 1 Aprili uvuvi wa omena umefungwa hadi 31 Julai, kama ilivyo kila mwaka katika maji ya Kenya, ili samaki wazaane. Nilikwenda ufuo wa Dunga kupeleka kaptura nilizoshonea wavuvi. Mzee mmoja anayetengeneza mtumbwi alikuwa juani, nikamsalimu kwa Kijaluo, yaani mzee, "Jaduong', hujambo? Mwezi wa kukaa bure umefika?"

"Nyar Bunyore, binti wa Bunyore, nani anakaa bure? Chwiri, masika haya, ikiingia ndipo mtumbwi unazibwa. Ukizibia Agosti, wenzako wako ziwani."

Akaniambia kitu ambacho nimekiandika kwa wino mwekundu. Mvuvi wa omena hata msimu ukiwa wazi hatoki kila usiku. Omena huvutwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, samaki wanatawanyika. Kwa hiyo usiku wa giza ni wa kazi, siku za mwezi mpevu ni za nyavu, usingizi na familia. "Sisi hatuhesabu Jumatatu," akasema. Mke wake, ambaye anauza omena kavu, akadakia kutoka ndani kwamba wengine hawahesabu hata pesa: usiku wa giza wanatumia kana kwamba mwezi hautatoka tena. Wale wanaoweka akiba hawaombi mkopo Mei. Wasioweka wanaingia ziwani kwa wizi na kukamatwa.

Si wote ufuoni wanaokubaliana na kufungwa huko, na mzee mwenyewe ana maneno yake makali kuhusu nani anayefuatwa na nani anayeachwa. Ila mtumbwi wake anauziba.

Na sasa lile lengo la tabia. Nimepitia daftari la madeni nikilinganisha na miezi ambayo nimegombana: na wateja, na dada yangu, na kijana wa pasi. Yote yamejikusanya Aprili hadi Juni, kila mwaka. Ni miezi ya karo ya muhula wa pili, mavuno bado, wateja wanachukua nguo kwa ahadi. Siku zote niliiita hasira yangu tabia, nikaiombea na kuisomea. Kumbe kwa sehemu kubwa ni mkoba mtupu wenye ratiba. Sehemu iliyobaki ni yangu, sikatai, lakini angalau sasa najua ukubwa wake. Nimefanya mambo mawili: sichukui oda ya mkopo kati ya Aprili na Juni isipokuwa kwa nusu mkononi, na nimemwambia dada mazungumzo ya kiwanja cha urithi tuyaahirishe hadi Agosti. Alikubali haraka sana. Nadhani naye ana daftari lake.

Mei na Juni

Kifupi, maana niliugua. Malaria kandokando ya ziwa hupanda wiki kadhaa baada ya mvua kuanza, kwani mbu wanahitaji maji ya kuzaliana, kisha vimelea navyo vinahitaji muda kukomaa ndani ya mbu. Neti ninayo, nilikuwa nashona barazani hadi usiku bila kujifunika. Kipimo, dawa, kitanda. Kuanzia sasa kanuni yangu ni hii: masika, kazi ya jioni ifanyike ndani.

Mboga ni nyingi na bei ni ya kucheka. Mrenda na kunde za nyuma ya jiko zilianza kuchumwa wiki chache tu baada ya kupandwa. Mahindi bado. Kwa watu wa magharibi mwa Kenya hii ndiyo miezi ya njaa, ambayo inashangaza mgeni kwa sababu kila kitu ni kijani. Kijani haishibishi. Mama alifungua gunia la mwisho la mwaka jana akalipima kwa debe, akanipa langu bila kuniuliza kama nahitaji.

Maharagwe yamevunwa Juni. Viwavijeshi viliingia kwenye mahindi ya jirani; kwa mama vilikuwa vichache, naye anapita asubuhi akiviua kwa mkono na kutia udongo katikati ya majani ya juu.

Julai

Koti la kwanza limekamilika. La sufu ya kijivu, vifungo viwili, kwa kijana anayehamia Nairobi kikazi. Bega la kushoto lilinisumbua hadi fundi mzee aliponionyesha kwamba kijana mwenyewe ana bega moja lililoshuka, na kwamba koti lazima lijue hilo kabla ya mwenyewe.

Halafu wakaja wengine. Julai Kisumu kuna ubaridi kidogo asubuhi, si wa koti, lakini Nairobi, Eldoret na Limuru ni baridi ya kweli, na watu wanasafiri. Daftari la Julai, ambalo kwa miaka limekuwa kurasa nyeupe, lina maandishi. Sijatajirika, nimeziba tu lile pengo lililokuwa likinigombanisha na watu. Koti moja linanichukua muda wa magauni manne, na bei yake bado naiogopa kuitamka. Fundi mzee anasema itamke ukiwa umeshika sindano mdomoni, mteja hatakujibu kwa haraka.

Mahindi mabichi yamejaa kando ya barabara, ya kuchoma na ya kuchemsha. Nimekula hadi mama ameniuliza kama nitamwachia ya kukausha.

Agosti

Mavuno, na mwezi mzuri kuliko yote katika mwaka wangu. Pesa kidogo, nguvu, chakula, na shule zimefungwa. Kwa mara moja pesa, nafasi na nguvu vimekaa meza moja.

Mwaka huu ni shufwa, na Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia hutahiri Agosti ya miaka shufwa. Rafiki yangu wa Bungoma aliniita nikashone nguo za familia yao, nikabaki kuangalia. Wavulana walikuwa wamezunguka kwa siku kadhaa na kengele mikononi wakiwaalika wajomba na shangazi. Alfajiri ya siku yenyewe wakaletwa kutoka mtoni wamepakwa tope, baridi inawatafuna, na watu nyuma yao wanaimba. Nilimuuliza baba wa nyumba kwa nini Agosti. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu miguuni. Ghala limejaa, akasema. Utawalisha nini wageni Mei? Kumvusha mtoto kuwa mtu mzima kunahitaji unga, ng'ombe, wajomba wenye nafasi, na kijana aliyeshiba kiasi cha kupona haraka. Ujasiri peke yake hautoshi. Kitabu nilichoazimwa kina sura nzima juu ya kukua kwa mtu na hakitaji ghala hata mara moja.

Nyumbani tumeanika mahindi kwenye turubai. Kazi inachosha kuliko kuvuna, kwa sababu Agosti ya Bunyore bado ina mvua za alasiri: unatandaza, unakusanya, unatandaza. Nafaka ya kuhifadhi inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 13.5, la sivyo ukungu wenye sumukuvu unaingia. Mama hana kipima unyevu. Anatia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa ya glasi iliyo kavu, anatikisa, anaiacha kidogo. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado. Tulifanya hivyo hadi chupa ikabaki safi, ndipo tukajaza mifuko isiyopitisha hewa na kuifunga. Mfuko mmoja umeandikwa jina langu, na chini yake, kwa mwandiko wa mama: Mei.

Dada amekuja. Tumezungumzia kiwanja. Tulibishana, ndiyo, lakini tukiwa tumeshiba, na tumefika mahali pa kumwita mpimaji.

Septemba

Jua linarudi juu ya ikweta karibu tarehe 22 au 23. Mbayuwayu wa Ulaya wameanza kuonekana kwenye nyaya; watakaa nasi hadi karibu Aprili, kisha warudi kwao kuzaa. Nao wana kalenda ya mahali pawili.

Mama amepanda tena, maharagwe na mahindi yanayokomaa mapema. Vuli huku ina tabia ya kubadilika kuliko masika. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko mashariki, vuli inakuwa kubwa mno. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2019, na masika yaliyofuata yakalipandisha Ziwa Victoria 2020 hadi maji yakaingia katika nyumba za ufuoni. Mwaka mwingine joto likiwa upande wa pili, vuli inakatika Novemba na maharagwe yanabaki matupu. Utabiri wa Oktoba hadi Desemba umetoka; mama ameusikiliza redioni na kusema atapanda nusu ya shamba, nusu ataiachia viazi vitamu, ambavyo havilalamiki.

Nini kimebaki katika mradi: usingizi wa mchana wa Februari, kazi za jioni ndani wakati wa masika, nusu mkononi Aprili hadi Juni, akiba inayotolewa msimu wa pesa ikiwa na jina la mwezi itakaotumika. Matembezi ya alfajiri niliyopanga mwaka mzima nimeyaacha. Kuanzia Machi hadi Mei barabara yetu ni tope, na sioni sababu ya kujilazimisha kwenye tope eti ni nidhamu. Nitatembea Juni na kuendelea hadi mvua. Mapambo ya mishumaa sikuwahi kununua.

Kazi za mwezi ujao. Jumapili nakwenda Kibuye kununua kitambaa cha sare, kijani na samawati, kabla wenzangu hawajakumbuka na bei haijapanda. Kushona saizi za kawaida kunaanza Oktoba, siku moja kwa wiki, ili Desemba nibakiwe na vipimo vya harusi tu. Bahasha tatu ziko kwenye droo, zimeandikwa Machi, Mei na Julai; ya Machi ni ya kujifunza suruali ya suti, na fundi mzee ameshaniambia ada yake imepanda. Kitabu nimemrudishia mwenyewe. Ameuliza kama kilinisaidia, nikamwambia ndiyo, kisha nikampima koti.